Kiwango cha Huzuni

Kwa miaka thelathini Sekela alipanga joto la matanuri ya kukaushia chai: unachomeka waya, unaandika amri, mashine inajibu. Siku hizi kila mtu ana kisanduku chake cha kupangia hisia chini ya kwapa, nacho hupokea amri vilevile, na sheria inataka huzuni ya mfiwa isivuke thelathini kwa mia, kazi zisije zikalala.

"Mama Tusa, nipandishie," mumewe Ambilikile alisema, akainua mkono. "Leo mwanetu katimiza mwaka kaburini. Nataka nimlilie kama mtu."

Sekela akamchomekea waya, akaandika themanini. Kisanduku kikajibu: imepokelewa. Ambilikile akaanguka mkekani, akalia hadi sauti ikamkauka.

Sekela alimtazama kama anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani. Akajishangaa, maana Tusa katoka tumboni mwake. Akachomeka waya kwenye kisanduku chake mwenyewe, akauliza kiwango. Tano.

"Baba Tusa, nani kanishusha?"

"Mimi," alijibu kwa kwikwi. "Kwa waya huu huu. Ulikuwa huli, hulali, nikachoka kukubembeleza. Nisamehe, mke wangu. Jipandishe, tumlilie wote."

Sekela akaandika themanini. Ilibaki kubonyeza kitufe cha kutuma tu. Kidole kikakaa pale, kikakaa, naye akatafuta moyoni sababu ya kukibonyeza, asiione.