Ruhusa ya Profesa Mndolwa

Kwa sheria mpya, mwanasayansi ambaye asteroidi imepewa jina lake hahesabiwi kuwa amekufa maadamu mwamba huo unazunguka jua. Kwa hiyo Bi Mwanahija, mjane wa Profesa Mndolwa, alipokwenda kuandikisha ndoa na fundi cherehani Sefu, karani alimrudisha.

"Mama, mumeo yupo, kati ya Mirihi na Mshtarii. Kamwombe talaka."

Akaiomba kwa redio ya kituo cha anga. Jumatatu wataalamu wakampigia simu: asteroidi imeacha njia yake, inaelekea duniani.

Bi Mwanahija akatoa kanzu ya Profesa kabatini, akaanza kuipiga pasi.

"Alikuwa hivi hivi," alimwambia Sefu. "Nikimwita chakula kinapoa, haji. Asikie tu kuna mwanamume sebuleni, huyo anakuja mbio."

Sefu alitazama dari, kisha akatafuta viatu vyake.