Sufuria Mlangoni mwa Benki

"Gonga sufuria, Olmedo! Au hela zako huzitaki?"

Darasa likaangua kicheko. Olmedo akagonga. Sufuria yenyewe ilikuwa ya plastiki, maana za bati mkuu wa pale kazikataza, kwa hiyo ililia kama ndoo ya kuogea.

Mlango wa benki ulikuwa dawati lililosimamishwa wima. Nyuma yake alijibanza Quiroga, waliyemwita Kimbaumbau, kavaa tai ya karatasi. Leo yeye ndiye Serikali.

"Nirudishieni akiba yangu!"

"Hazina imekauka, babu," Kimbaumbau akajibu, akipiga miayo. "Chukua thelathini katika kila mia. Zilizobaki tutakulipa kidogo kidogo, Mungu akikupa umri."

Mwalimu Nélida akafyonza chai yake chungu kwenye kibuyu. Ilimshuka tamu. Mwaka ule Waziri wa Fedha alipofungia akiba za watu, mama yake aligonga sufuria ya kweli mbele ya benki hapa hapa mjini Rosario, mpaka mpini ukang'oka. Alikufa na hatifungani za Serikali, alizopewa badala ya akiba yake, chini ya godoro, kazing'ang'ania kama mume.

"Haya, tumejifunza nini?"

"Ukitaka kuikopesha Serikali, usitazame tai yake," Kimbaumbau akasema. "Uliza kwanza kama ya jana ililipa."

"Mwalimu, na mimi nipe Serikali," Olmedo akalalamika. "Kila wiki mimi mzee tu!"

"Wewe? Serikali huiwezi."

Wenzake wakashika mbavu. Olmedo akagonga tena. Alivumilia kwa sababu moja tu: akifaulu somo hili, atarudi nyumbani mapema, ale Krismasi na wanawe. Na mwalimu alishamwahidi, mbele ya darasa zima, kwamba akigonga bila kuchoka, alama mia ni zake.

Kengele ikalia. Mwalimu akagawa karatasi. Olmedo akaitazama yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Thelathini? Mwalimu, uliniahidi mia!"

"Hazina imekauka, mwanangu. Zilizobaki nitakulipa kidogo kidogo."

"Huo ni wizi! Mimi nina wanangu wananisubiri!"

"Mama yangu naye alikuwa na wanawe," Mwalimu Nélida akasema, akipanga chaki zake, huku askari jela akizungusha ufunguo mlangoni. "Haya, nenda seli, Mheshimiwa Waziri wa Fedha. Na sufuria uiache. Wiki ijayo utaigonga tena."