Karatasi ya Kumi na Tatu

Karatasi ya kumi na tatu haikuwepo. Ya kumi na mbili ilikuwepo, ya kumi na nne ilikuwepo, na katikati yao palibaki kiuzi chembamba cha karatasi, kimekatwa kwa rula.

Mkunga alilipeleka daftari dirishani. Hakuwa amekosea kuhesabu. Kila karatasi aliitia namba kwa mkono wake kabla hajaanza, kwa sababu tangu ajali kichwa chake kiliyashika ya zamani na kuyaachia ya jana. "Andika kila asubuhi," daktari alimwambia. "Usiyoyaandika yatakupotea."

Zamani kuandika hakukumsumbua. Miaka kumi na tisa aliandika ukurasa mmoja kabla ya zamu, visa vya wodi ya wazazi, akitumaini siku moja vitakuwa kitabu. Kisha ajali, na miezi mitano hakushika kalamu. Aliporudi, siku ya kwanza aliambulia tarehe tu, jasho likimtiririka. Siku ya pili tarehe na neno "chai". Sasa alikuwa akijaza karatasi nzima, akiyafuata maisha yake mwaka baada ya mwaka, herufi zikiegemeana kama walevi, lakini zinasomeka.

Ajali yenyewe aliijua kwa kusimuliwa. Mumewe, fundi wa majokofu, ndiye aliyekuwa akiendesha. Gari liliacha barabara kwenye kona. Mama mkwe, aliyekaa nyuma, alifia palepale. Fundi aliyasema hayo polisi kabla hajaulizwa mara ya pili, na dada yake hakumsalimia tena tangu mazishi.

Dada huyo alikuja Alhamisi, Fundi akiwa kwenye karakana yake nyuma ya nyumba. Hakukaa.

"Kesi ni Jumatatu, wifi. Bado unaandika?"

"Kila siku."

"Basi likikujia lolote kuhusu asubuhi ile, andika uniletee. Alikuwa amekunywa? Alikuwa anasinzia? Kaka yangu namjua, tumelala kitanda kimoja utotoni. Hakubali kosa upesi hivyo, ila kama anaficha kubwa zaidi."

Mkunga alimwonyesha pengo kwenye daftari. Wifi alilipapasa kwa kidole, uso ukambadilika.

"Huyu anasoma kila unachoandika," alisema kwa sauti ya chini. "Funga mlango wako."

Ili yasimpotee, Mkunga aliyaandika maneno hayo nyuma ya kadi ya kliniki na kuitia ndani ya soksi. Ijumaa alipoamka aliikuta, akaisoma, akaogopa upya kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa. Alihesabu daftari tena. Ya kumi na tatu. Ya ishirini. Ya ishirini na nane. Ya thelathini na tatu. Zote zimekatwa kwa rula, kwa mkono usio na haraka.

Alipokaa kuandika, Fundi alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakukileta mezani. Alikuwa akiitazama kalamu.

"Umefika wapi, Mkunga?"

"Nipo kwenye mwaka niliohitimu."

"Mwaka mzuri huo. Kaa hukohuko." Alicheka kidogo, na aliposikia anacheka peke yake, akarudi jikoni na kikombe.

Jumamosi mteja alimpigia simu. Nyama za bucha zilikuwa zinaharibika, aje mara moja. Fundi alibeba mfuko wa spana, akatoka. Mkunga alisubiri mpaka geti likagonga, akaisoma kadi yake mara nyingine, akaenda karakana kuzitafuta karatasi zake.

Majokofu mabovu yalisimama safu mbili, milango wazi. Moja tu, la mwisho ukutani, lilikuwa limefungwa kwa kamba. Vidole vyake bado vilikuwa vizito, na fundo lile lilimchukua muda. Ndani hamkuwa na kitu. Alivuta droo ya mboga, akazikuta karatasi nne zimekunjwa pamoja, na namba zake pembeni.

Alikaa juu ya kreti. Hakuwa na haja ya kubahatisha tena. Sasa angejua mtu anayelala naye amefanya nini. Alifungua ya kumi na tatu. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa kuegemeana.

*Leo nimekumbuka. Fundi alikuwa amekaa kushoto kwangu, ameshika dashibodi. Usukani niliushika mimi. Mama mkwe alisema, "Punguza mwendo, mwanangu." Nikamwambia, "Mama, tutachelewa." Nitamwambia wifi leo hii.*

Alifungua ya ishirini. *Leo nimekumbuka.* Alifungua ya ishirini na nane, kisha ya mwisho. Usukani uleule, sauti ileile ya mama mkwe, na mwishoni wifi, leo hii.

Mlango wa karakana ulilia. Fundi alisimama pale, mfuko begani, akiutazama mkono wa mkewe wenye karatasi. Aliushusha mfuko taratibu, akaja, akachuchumaa mbele yake.

"Lete, Mkunga," alisema. "Kesho utakuwa umeshasahau, na Jumatatu kizimbani nasimama mimi."