Wageni wa Ini

Kila mwaka, baada ya sindano ya kuamsha kinga, wake wa Tukuyu waliwafundisha waume zao kula upya. Sindano iliwamaliza walinzi wakongwe wa ini, yaani seli zake za kinga, na wageni kutoka kwenye damu wakashika lindo. Wageni hao walitambua tu vyakula ambavyo mtu alikula mwezi uliotangulia sindano. Vingine walivipiga vita mpaka wazoeshwe, kijiko kwa kijiko, huku bangili ya mkononi ikionyesha hasira zao kwa nyekundu na utulivu wao kwa kijani.

Tusekile hakuwa na wasiwasi. Mwezi mzima kabla ya sindano, mumewe Ambokile alikuwa akirudi nyumbani akidai ameshiba chakula cha kazini, basi ukaidi kidogo aliutarajia. Akamlisha ndizi zake za nyama. Bangili ikawaka nyekundu.

"Watazoea tu," Tusekile akasema. "Mwaka jana walinikatalia hata uji, na nikawashinda."

Hodi ikabishwa. Alikuwa Sekela, jirani yao, ameleta bakuli la kisamvu cha karanga, maana aliyechomwa sindano hupewa pole kwa chakula. Tusekile akashukuru, akachota kidogo kwa tahadhari, akamlisha mumewe.

Bangili ikawa kijani. Akaongeza kijiko kilichojaa. Kijani tena.

Sekela akaaga upesi. Ambokile akainamisha kichwa. Tusekile akavuta kigoda karibu, kijiko bado kimesimama imara mkononi mwake.

"Haya, Baba Lusajo," akasema taratibu, "wageni wako wana adabu kweli. Hebu niambie, wamelelewa nyumba gani?"