Mshale Kwenye Nane

Fundi Selestini aliitoa mita kwenye waya wa pampu, lakini mshale ukabaki palepale kwenye nane.

Mita ile ina taya kama koleo. Zikiuzunguka waya, mshale hupanda kuonyesha umeme unaopita. Zikitoka, hurudi sifuri. Leo haukurudi.

Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kubania mshale. Kilikuwa kimebonyea.

Jana, karakanani Kigoma, aliilinganisha na mita kubwa ya ukutani. Zote zikasoma nane, naye kwa furaha akaubana mshale usije ukavunjwa na mawimbi katika safari ya boti, akaiviringisha mita kwenye kitenge cha mkewe.

Saa nzima, basi, alikuwa akisoma nane ya jana na kuwaambia watu, "Salama."

Aliachia kitufe, akarudisha taya kwenye waya. Mshale ukaruka mpaka mwisho wa namba, ukabaki huko: umeme ulikuwa umezidi mno.

"Zima!"

Mwendeshaji wa pampu, aliyesimama kwenye swichi, akazima. Harufu ya nyaya zilizoungua ikapanda kutoka kwenye mota. Nje, wanawake waliohamishiwa kijiji hiki kipya kwa ahadi ya bomba waliacha kuimba, maji yakawa matone.

Mwenyekiti wa kijiji akachungulia, shati limelowa, bado anacheka.

"Umeshapima, fundi? Haya, washeni! Ndoo bado nyingi."

Kabla Selestini hajajibu, mwendeshaji akawasha. Mota haikunguruma.

Taya zilikuwa bado kwenye waya, na mshale ulikuwa kwenye sifuri. Haukutikisika, na kitufe hakikuwa kimebonyea.