Kinyumenyume

Odette alikuwa garini, mkono juu ya gia.

Kwenye ghala la kuni la kanisa, kila mtu wa mji huu wa jimbo la Maine, Marekani, anaijua desturi. Anayekuja kupasua kuni za msaada kwa wahitaji huingiza gari kwa mbele. Anayekuja kuzichukua huingia kinyumenyume, bodi ya mizigo ikielekea rundo, na haulizwi neno. Miaka yote Odette aliingia kwa mbele, shoka likiwa kitini pembeni yake.

Leo tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto lilikuwa limekauka, jiko la kuni halina hata kijiti, na mumewe amelala na koti na kofia, akikohoa mvuke.

Odette alivitazama viganja vyake, vimeota sugu ngumu kama gome la mti. Kisha akavuta gia, akarudi nyuma mpaka bodi ikagusa rundo.

Wapasuaji wengine wakashusha mashoka. Mzee mmoja, mpasuaji mwenzake wa siku nyingi, akapaza sauti akicheka, "We dada, baridi imekugandisha akili? Geuza gari."

"Akili nzima," alisema Odette akishuka. "Jiko ndilo limeganda."

Mzee hakucheka tena. Aliinamia kuni za karibu, akaanza kupakia harakaharaka, macho chini.

"Acha hizo," Odette akamwambia. "Mbichi hizo, zitamjazia moshi mgonjwa wangu. Kavu ziko kule nyuma, chini ya turubai. Nilizipasua mwenyewe."