Duara la Chaki

Mkaguzi aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akachora msalaba wa chaki. Akautikisa mlango wa kabati, akachora duara.

"Duara maana yake nini, baba?" aliuliza mjane. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti.

"Kitu kinatoka kizima, mama, kinakwenda kujenga kwingine. Msalaba, hakitoki mpaka kivunjwe. Ndiyo kazi yangu. Naitazama nyumba, nasema kipi kitakufa na kipi kitafufuka."

"Kufufua ni kwa Mungu."

"Amina. Mimi nafufua mabati tu."

Mdogo wa marehemu alicheka kutoka mlangoni. Mtaa mzima ulimwita Funguo, kwa zile zilizomning'inia kiunoni. Kesho nyumba ya kaka yake ingebomolewa na vifaa vyake kuuzwa, naye shemeji yake angehamia uani kwake, kwenye chumba kisicho na dirisha.

"Atapumzika vizuri," alisema Funguo. Na barazani, kabla hawajaingia, alikuwa amemtahadharisha mkaguzi: "Huzuni imempanda kichwani. Tangu tumzike kaka, hatoki. Kaing'ang'ania nyumba kama kupe. Akikwambia lolote, wewe itikia tu."

Basi mkaguzi aliitikia. Alichora duara kwenye kenchi za paa, kwenye fremu za milango, hata kwenye rafu ya vyombo, na mjane alikifuata kidole chake kwa macho. Kadiri maduara yalivyoongezeka, ndivyo chumba kilivyozidi kumbana.

Sauti ya mwanamke ikapenya dirishani kutoka ua wa pili. "Jirani! Toka basi uote jua! Utaota ukungu humo!"

"Sijaweza bado, dada," mjane alijibu. "Niombee."

"Si unamsikia?" Funguo alimnong'oneza mkaguzi.

Ikabaki grili ya dirisha. Ilikuwa nzito, ya chuma kizuri, na nati zake zote zilifungiwa ndani.

"Hiyo usiikadirie kwa macho," Funguo alisema. "Ijaribu kabisa. Mteja wake anaitaka bila mkwaruzo."

"Nani aliifunga hivi?" mkaguzi aliuliza. "Watu huzizika kwenye saruji."

"Mwenzangu, Mungu amrehemu," mjane alisema. "Alisema siku tukihama, tuhame nayo."

Mkaguzi akatia mafuta, akazungusha spana. Nati ya kwanza ililia kidogo, ikakubali. Nyingine zikafuata kama kondoo.

"Inapiga kelele ikitoka?" mjane aliuliza.

"Ikishapata mafuta? Hapana, mama."

"Na mtu mmoja anaiweza?"

"Akiikinga kwa bega, anaiweza. Anaishusha taratibu, anaiegemeza ukutani. Nati anaziweka kwenye kikombe, zisipotee." Akamtazama, moyo ukamlainika. "Usihofu, mama. Hatutaiharibu kazi ya mzee."

Simu ya Funguo ikaita. Akaipokea palepale mlangoni, bega moja nje, la pili limeziba njia. Mkaguzi akarudisha nati kwa vidole tu, bila kuzikaza, kama ilivyo desturi ya kazi yake ili mafundi wa kesho wasihangaike. Kisha akachora duara, kubwa kuliko yote.

Mjane aliinamisha kichwa, midomo ikicheza. Mkaguzi akajua anasali, akavua kofia.

"Mungu akupe nguvu ya kuiacha nyumba hii, mama."

"Amina, baba," alisema mjane. Ilitoka kwa nguvu mpaka mkaguzi akashtuka.

Mkaguzi akatangulia kwenda kwenye pikipiki yake. Funguo akabaki nyuma kidogo, kumuaga shemeji.

Asubuhi lori lilikuja na mafundi. Mkaguzi alimkuta Funguo barazani ameinama mlangoni, akihangaika na kufuli kubwa kama ngumi.

"Kufuli la nje?" mkaguzi aliuliza. "Na mama je?"

"La usalama wake," Funguo alisema, akasukuma mlango. "Shemeji! Gari limefika!"

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Grili ilikuwa imeegemezwa ukutani, nzima, bila mkwaruzo, duara la chaki likiwatazama. Nati zote zilikuwa kwenye kikombe. Pazia lilipepea nje ya dirisha tupu.

Funguo akakimbilia dirishani. Ng'ambo ya ua, jirani alikuwa akianika nguo.

"We mama! Shemeji yangu katokea wapi? Kaenda wapi?"

Jirani alikung'uta shuka, akalitandaza kambani bila haraka.

"Si ulisema hatoki?"